Muulize Mama Fundi: Usiing'oe prosesa kabla ya kupima

Mwezi huu barua za redio na za inveta nimeziweka kando. Mfululizo nimeletewa swali la aina moja hapa mezani kwangu Mwanjelwa: bodi za zamani, zile za miaka ya themanini na tisini zenye chipu nyeusi ndefu ya miguu arobaini, ndiyo prosesa, ubongo wa bodi. Viwanda vya mbao, chai na unga huku kwetu nyanda za juu bado vinazitegemea, na aliyezifunga alishastaafu zamani. Barua nimezifupisha. Majina nimeyaacha, maana wengine wenu mna waajiri wasiopenda kusikika kwamba mashine yao imelala.

Nimebadilisha prosesa mbili, bado imeganda

*Shikamoo Mama Fundi. Nipo Mafinga kwenye kiwanda cha mbao. Tanuri letu la kukaushia linaendeshwa na kisanduku chenye bodi ya prosesa ya Z80, epromu moja (chipu yenye programu) na ramu moja (chipu ya kumbukumbu ya muda). Tangu radi ya masika, ukiwasha kioo kinaonyesha 8888 na kubaki hivyohivyo, feni hazizunguki. Nimeweka prosesa nyingine, nikaagiza na ya pili kutoka Dar, hali ni ileile. Dukani wananiambia Z80 hazitengenezwi tena. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Dukani wamekwambia kweli. Mwaka 2024 Zilog walitangaza kusitisha Z80 ya kawaida ya miguu arobaini, chipu iliyoanza kuuzwa 1976, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi. Zilizobaki madukani bado zipo, ila baadhi ya zinazouzwa kama mpya zimechomolewa kwenye bodi kuukuu na kupigwa namba upya. Kwa hiyo ile ya kwanza uliyoing'oa, kama hujaitupa, irudishe mahali pake. Nina shaka kubwa kama ilikuwa na kosa lolote.

Kwa bodi zinazopita mikononi mwangu, prosesa huwa ya mwisho kufa. Imekaa katikati, haishikani na waya wowote wa nje. Kinachotangulia kufa ni kile kinacholisha umeme, kile kinachopokea nyaya kutoka nje, na kile kinachochomekwa na kuchomolewa: kapasita, regyuleta, chipu zinazosukuma rilei, soketi. Na radi mara nyingi huingilia kwenye waya mrefu wa kihisi joto, wala si kwenye plagi.

Hiyo 8888 yenyewe ni ushahidi, nawe umeipita bila kuihoji. Zima umeme, chomoa epromu, washa tena. Ikitokea 8888 hata bila epromu, basi hakuna programu iliyoiandika. Kioo kinawaka chenyewe kwa kukosa wa kukiamrisha. Lakini kama bila epromu kioo kinakuwa kiza au kinaonyesha takataka, na ukiirudisha 8888 inatokea kila mara, basi prosesa iliamka, ikasoma epromu, ikawasha taa zote ili kujijaribu, kisha ikakwama hatua iliyofuata. Kwa fundi hizo ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inakupeleka kwenye umeme, kloki (mapigo yanayoiongoza prosesa) na riseti (ishara ya kuianzisha upya). Ya pili inakupeleka kwenye ramu na chipu zinazopokea habari za nje.

Tuseme ni ya kwanza. Pima volti kwenye miguu ya prosesa yenyewe, mguu wa 11 kwa chanya na wa 29 kwa grauni. Usipime kwenye regyuleta halafu ukatosheka. Kati ya regyuleta na prosesa kuna soketi, kuna njia za shaba, kuna sehemu zilizolehemiwa zikapasuka kwa joto la tanuri. Unataka kuona kati ya 4.75 na 5.25. Ukiona 4.5, acha kila kitu kingine mpaka hiyo itengemae, maana kwa 4.5 bodi inaweza kufanya vituko ambavyo hakuna kitabu kinachovieleza.

Mita kuonyesha 5.0 bado si mwisho wa habari. Kapasita kubwa ikikauka, umeme unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na mita inakupa wastani tu. 7805, regyuleta ya kawaida ya volti 5, inataka iingizwe walau volti 7 ndipo itoe 5 iliyotulia. Wastani ukiwa 8.5 huku mabonde yanafika 6, prosesa inapoteza fahamu kila bonde. Ile mita ya njano ya bei nafuu tuliyonayo wengi haitakusaidia hapa, kwa sababu upande wa AC huanzia volti 200. Kama huna oskiloskopu, zima, subiri kapasita zimalize chaji, kisha shikiza kapasita mpya ya mikrofaradi 2200 sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya, yenye volti zisizopungua za ile ya zamani. Washa. Bodi ikiamka, umempata mhalifu kwa kapasita moja.

Kama kisanduku chako hakina transfoma nzito bali kina pawa saplai nyepesi ya kisasa zaidi, tafadhali usiingize vidole. Upande wa kwanza wa saplai hizo volti 230 zimegeuzwa kuwa DC ya karibu 325, na hukaa ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa plagi.

Sasa kloki, mguu wa 6. Z80 za zamani huchagua volti kwenye mguu huu: wakati miguu mingine inaridhika na volti 2 kama "juu", kloki inataka kupanda hadi karibu na 5 kabisa, isipungue zaidi ya sehemu sita za kumi za volti. Chipu ndogo za lojiki za kawaida, za 74LS, hazifiki huko zenyewe, ndiyo maana utakuta rezista ndogo, mara nyingi ya omu 330, inayovuta mguu huo kwenda chanya. Rezista hiyo ikikatika, kloki inaonekana ipo, kalamu ya lojiki (kifaa cha kuonyesha kama mguu uko juu, chini au unapiga) inawaka vizuri, na bodi haisogei. Ipime.

Huna kifaa cha kuona kloki? Chukua redio ya masafa mafupi, ile ya betri, uisogeze karibu na bodi na uzungushe kwenye namba iliyo juu ya kristali inayotoa mapigo ya kloki, tuseme megahezi 4. Kloki ikiwepo, mvumo wa redio hunyamaza ghafla hapo, kama stesheni isiyo na mtangazaji. Ukihamia masafa ya kati utasikia kelele za kukwaruza ambazo hubadilika prosesa inapofanya kazi, na zikiwa za sauti moja isiyobadilika, prosesa imekwama ikizunguka mahali pamoja. Vijana wananicheka kwa hili mpaka wanapolisikia.

Riseti ni mguu wa 26. Ukiwasha lazima uanze chini, ukae kidogo, kisha upande. Kwa kawaida ni rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kapasita hiyo ikivuja, mguu unabaki kwenye volti 1 na kitu, hauko juu wala chini, na prosesa nayo haijui ianze au isianze. Ukiona riseti inapiga chini-juu, chini-juu bila kukoma, kwenye bodi nyingi za viwandani hiyo ni saketi ya mlinzi inayoiamsha prosesa kila inapoona imesinzia. Hilo ni jibu la tatizo, si tatizo lenyewe. Usiende kuing'oa saketi ya mlinzi.

Kisha tazama mguu wa 24 na wa 25, WAIT na BUSREQ. Vyote viwe juu. Kimojawapo kikivutwa chini na chipu iliyokufa upande wa pili wa bodi, prosesa inasimama kwa adabu ikisubiri kuruhusiwa. Na mguu wa 18, HALT, ukiukuta chini, prosesa ni hai. Imesoma amri ya kusimama, aghalabu kwa sababu imesoma uchafu badala ya programu.

Hayo yote yakiwa sawa na bado imeganda, ndipo utengeneze kile ambacho kila fundi wa bodi hizi awe nacho kwenye droo. Chukua soketi ya miguu arobaini ya kupandisha juu ya nyingine. Kata miguu minane ya data isifike kwenye bodi: 14, 15, 12, 8, 7, 9, 10 na 13, hiyo ni kuanzia D0 hadi D7. Upande wa prosesa unganisha yote minane kwenye grauni kwa rezista za kilo-omu 1. Kwa Z80 sifuri tupu ni amri ya "usifanye kitu, nenda mbele". Basi prosesa itasoma sifuri, itasogea anwani inayofuata, itasoma sifuri, hadi mwisho wa anwani zote 65,536, kisha inaanza upya. Haihitaji epromu wala ramu zinazofanya kazi.

Uzuri wake ni hesabu. Kila amri hiyo inakula mapigo manne ya kloki. Kwa kloki ya megahezi 4, A0, njia ya kwanza ya anwani, kwenye mguu wa 30 inapiga mara 500,000 kwa sekunde, A1 nusu yake, A2 nusu ya hapo, hadi A15 kwenye mguu wa 5 ambayo inapiga kama mara 15 tu, unaiona kwa macho ikimemetuka kwenye kalamu ya lojiki. Kwa megahezi 2.5 ni kati ya 9 na 10. Ukikuta njia mbili za anwani zinapiga sawasawa, zimeshikana mahali. Ukikuta moja imelala, fuata njia yake mpaka kwenye chipu inayoilalia. Kama kuna 74LS138 inayogawa anwani, matokeo yake manane yatashuka moja baada ya jingine kwa zamu, asiyeshuka anajulikana. Kwenye oskiloskopu utaona pia mapigo ya ziada, na hata njia za juu zikigusa sifuri kwa kitambo kidogo baada ya kila amri. Usibabaike, Z80 hutoa anwani ya kuburudisha ramu hapo katikati. Soma anwani wakati miguu ya 19 na 21 iko chini yote miwili.

Prosesa ikihesabu vizuri hivyo, ina kinga mbele yangu. Ikishindwa kuhesabu huku umeme, kloki na riseti viko sawa, hapo ndipo nitakubali ibadilishwe.

Ikiwa ni ile kazi ya pili, ya 8888 inayotokana na programu, anza na ramu. Weka kidole juu ya kila chipu dakika moja baada ya kuwasha, inayochoma imejitaja. Halafu chomoa waya wa kihisi joto na uwashe bila huo waya. Kwa bodi iliyopigwa radi, mimi ningeanza na hilo hata kabla ya kufungua skrubu.

Unga wa kijani kwenye mizani ya chai

*Mama, huku Tukuyu tuna mizani ya elektroniki ya kupimia majani mabichi. Imeanza kusahau, kila asubuhi inasoma uzito tofauti. Nimeifungua nikakuta betri ya pipa imetoa unga wa kijani. Nimefuta kwa kitambaa. Je, inatosha?*

Haitoshi, baba. Betri hizo za volti 3.6 za nikeli na kadmiamu zinapovuja hutoa haidroksaidi ya potasiamu, magadi makali, na kitambaa kinaondoa unga wa juu tu. Maji yake yametambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi, na kwa unyevu wa Tukuyu yataendelea kula shaba hata betri ikiwa pipani.

Itoe betri kwanza. Vaa miwani. Paka siki nyeupe kwa mswaki mpaka isitoe povu tena, suuza kwa maji safi, kisha spiriti isiyo na rangi, kisha ukaushe vizuri karibu na taa yenye joto. Njia yoyote ya shaba iliyogeuka nyeusi chini ya rangi, kwangua na upime kama bado inapitisha, hasa vile vitundu vinavyounganisha upande wa juu na wa chini. Lehemu iliyopauka haikubali lehemu mpya. Ikwangue ing'ae kwanza.

Betri mpya usiirudishe juu ya bodi. Iwe ya nikeli yenye seli tatu, kwa waya, imefungwa pembeni ya kisanduku. Ukitaka kutumia ya lithiamu isiyochajiwa, lazima uweke dayodi ya kuzuia chaji, maana saketi ya zamani itajaribu kuichaji na betri hiyo inaweza kuvimba na kupasuka.

Na hili ni zito kuliko magadi: mizani hiyo huenda ilikuwa ikihifadhi urekebishaji wake kwenye ramu inayolindwa na betri hiyohiyo. Ukishatengeneza, isipimie mkulima hata kilo moja mpaka irekebishwe kwa mawe halali na Wakala wa Vipimo waihakiki. Wewe ni fundi wa bodi, si hakimu wa uzito wa watu.

Kamwene kutoka Iringa

*Kamwene Mama. Ni mwanafunzi wa ufundi hapa Iringa. Nimepewa bodi ya 8031 nifanyie mradi. Nimefuata maelezo yako ya zamani ya Z80, riseti nimeikuta iko chini muda wote nikadhani imekufa.*

Kamwene, mwanangu. Haijakufa. Familia ya 8051, ambayo 8031 yako imo, imegeuza mambo: mguu wa 9 ukiwa juu ndipo prosesa imeshikwa, ukiwa chini inafanya kazi. Kwa hiyo uliyoyaona ndiyo afya. Tazama mguu wa 30, ALE. Katika kazi ya kawaida unapiga kwa kasi ya kristali ugawe kwa 6. Kristali yako ikiwa 11.0592, unapata 1.8432. Ukiwa kimya, tatizo ni umeme au kristali. Ukipiga, nenda mguu wa 31. Kwa kuwa 8031 haina programu ndani yake, mguu huo lazima uwe kwenye grauni ndipo isome epromu ya nje. Nimeona bodi za wanafunzi zikizikwa kwa mguu huo mmoja ulioachwa ukielea.

Halafu vua hilo sweta la sufu unapofanya kazi. Juni na Julai hewa ya huko ni kavu na baridi, na cheche usiyoisikia inatosha kuua ramu. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa chipu.

Stika imebanduka kwenye dirisha la epromu

*Mama Fundi, nipo Makambako. Kuna bodi ya mzani wa magari, epromu yake ina kidirisha cha kioo na stika yake ilidondoka sijui lini. Bodi bado inafanya kazi ila siku nyingine inagoma asubuhi na kukubali mchana. Niifunike tu au nifanye zaidi?*

Ifunike leo, kwa stika isiyopitisha mwanga, karatasi ya fedha chini na utepe mweusi juu. Kidirisha hicho kipo ili mwanga wa urujuanimno ufute programu. Mashine ya kufutia inafanya hivyo kwa dakika kadhaa. Jua la moja kwa moja linachukua takriban wiki. Taa ya tyubu ya ofisini huchukua kama miaka mitatu. Kisanduku cha mzani hakifunguliwi jua likiwaka, kwa hiyo kufutika kote si rahisi. Lakini chipu ya mwaka 1985 hata gizani imezeeka. Ilipoandikwa, chaji ilifungiwa ndani ya kila seli yenye sifuri, na chaji hiyo inavuja polepole. Seli ikishapoteza chaji inasomeka moja. Ndiyo maana epromu iliyofutika yote ni FF, yaani moja tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kugoma asubuhi na kukubali mchana kunaweza kuwa epromu iliyochoka, na kunaweza kuwa soketi yenye kutu inayoshika vizuri bodi ikipata joto. Soketi ni rahisi, kwa hiyo ianze: zima, inua epromu kwa bisibisi bapa pande zote mbili kwa zamu usiipinde miguu, isafishe miguu kwa spiriti, irudishe. Tazama mkato mdogo upande mmoja uelekee palepale ulipokuwa. Epromu ikiwekwa kinyume na kuwashwa haipati nafasi ya pili.

Tatizo likibaki, mtafute mwenye mashine ya kusomea epromu. Mbeya wapo, na siku hizi ni kadude kadogo kanakochomekwa kwenye kompyuta. Mwambie aisome mara kadhaa na alinganishe nakala. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, kuna seli inayoyumba. Aisome tena kwa volti 5.25, kisha kwa 4.75. Seli iliyopoteza chaji kidogo huwahi kudanganya volti zikiwa juu, na mara nyingi ile nakala ya volti za chini ndiyo yenye ukweli. Hifadhi nakala zote mahali pawili, na moja umpe mwenye mzani.

Tahadhari mbili kwa atakayeandika chipu mpya. Epromu za 2716 za mwanzo zinataka volti 25 kuandikwa, na mashine nyingi ndogo za sasa haziwezi, ingawa kusoma zinasoma. Na ukikuta imeandikwa TMS2716, simama: hiyo ya Texas Instruments inataka umeme wa aina tatu, 12, 5 na hasi 5, na si sawa na 2716 ya wengine hata kama ina miguu 24 ileile.

Bodi yoyote ya zamani inayofanya kazi leo, isomewe epromu yake leo. Prosesa utaipata sokoni, ramu utaipata, programu ya kiwanda kilichofungwa huipati popote.

Kwa nini usiseme tu watupe?

*Mama, nakuheshimu, lakini unawapotezea vijana muda. Mimi ni fundi umeme hapa Mbeya mjini. Bodi ya miaka arobaini mimi naing'oa, nafunga PLC mpya (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine za viwandani), kazi imekwisha.*

Mdogo wangu, kwa baadhi ya kazi niko upande wako. Bodi ikiwa na chipu za kiwanda zilizofutwa namba, epromu imekufa bila nakala na hakuna mchoro, sipotezi usiku wangu. Kwa boila, kwa lifti, kwa chochote kinachoweza kuua mtu, bodi iliyofufuliwa kwa siki na rezista mimi siisaini.

Lakini "kazi imekwisha" umeisema haraka. Tanuri la kukaushia mbao lina ratiba: joto gani, unyevu gani, kwa muda gani, kwa unene gani wa ubao. Ratiba hiyo imo ndani ya ile epromu, na aliyeitunga hayupo. Ukifunga PLC yako tupu, nani atakwambia mpaini wa inchi mbili unataka nini siku ya tatu? Wataanza kubahatisha, na mbao zitapasuka. Ningependa umwache huyo mzee, ile bodi, afanye kazi huku unajifunza tabia zake, ndipo umbadilishe. Na bili ya kwanza, ya kapasita moja, mwenye kiwanda ataipenda kuliko yako.

Ninunue nini kwanza?

*Shikamoo. Nipo Njombe, naanza. Sina hela ya oskiloskopu mpya.*

Marahaba. Usinunue mpya. Ya mtumba yenye kioo cha zamani, ya megahezi 20, inatosha kwa bodi zote tulizozizungumza, maana ni chache mno zenye kloki inayozidi megahezi 12. Hakikisha inakuja na waya zake za kupimia; bila hizo ni televisheni mbovu. Kabla ya hiyo, kalamu ya lojiki, ambayo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa chipu moja na taa mbili. Inakwambia juu, chini au inapiga, na ikikaa kimya kabisa ujue mguu unaelea. Kwenye mita, mguu unaoelea wa 74LS husoma kama volti 1.5, juu kidogo ya 0.8 ambayo ni chini, na haijafika 2 ambayo ni juu. Ukiiona namba hiyo mahali ambapo pangepaswa kuwa na uhakika, chunguza hapo.

Pampu ya kufyonza lehemu nunua nzuri. Ya bei rahisi itakung'olea njia za shaba za bodi ya watu.

Kwa ndugu wa Vwawa

Barua yako ina sentensi moja: "Bodi ya mashine ya kahawa haiwaki, nisaidie." Niandikie namba iliyo juu ya chipu kubwa kuliko zote, namba ya kristali, volti ulizopima kwenye miguu ya chipu hiyo, na kama fyuzi uliikuta imekatika kwa utulivu au imepaka masizi kwenye kioo chake. Picha mbili, mbele na nyuma ya bodi, mchana, bila flashi. Na usibadilishe chochote mpaka nikujibu.